Mara Tano, Hadi Kushiba

Tusiseme ilikuwa zamani, maana huko zamani haijafika bado. Huko kulikuwa na bahari na kulikuwa na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vimekaa juu ya bahari kwa muda mrefu hata hapakuwa na mtu wa kusema kipi kilitangulia. Kalenda iliyotundikwa jikoni mwa meli ilibaki na Jumatatu tu. Kurasa za siku nyingine zilikwisha kufutiwa mikono yenye mafuta. Basi ilikuwa Jumatatu, kama jana, na Bi. Mize alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba katikati ya sitaha, miguu ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu, radhi na dunia na vilivyomo.

Meli aliyoitumikia ilikuwa meli ya mafuta. Silaha yake ilikuwa kimzinga kimoja cha mbele, nacho ndege walikwisha kukitia kiota. Kazi yake ilikuwa moja: kuzifuata manowari baharini na kuzijaza mafuta zikiwa safarini, ili zisipoteze wakati wa kupigana kwa kurudi bandarini. Serikali ya huko manowari zake iliziita kwa majina ya vitu vinavyokata, na meli zake za mafuta kwa majina ya mito. Hii iliitwa Mto Mwema. Waliotoa jina walikusudia mto unaokwenda, wenye kingo zake na mamba wake. Mabaharia, watu waliokosa usingizi kwa miaka, walisikia mto wa kulalia. Wakaipenda meli kwa sababu ambayo serikali haikuijua, na mapenzi ya namna hiyo hayana talaka.

Ilikuwaje mwanamke wa makamo, mwenye kanga mbili na kikohozi, akawa mtumishi wa jeshi la maji? Neno ndilo lililomponza. Katika lugha ya mabaharia wa huko, kupitisha mpira wa mafuta kutoka meli hadi meli kuliitwa kunyonyesha, na mwenye kusimamia koki aliitwa mnyonyeshaji. Siku serikali ilipopungukiwa na watu ilibandika tangazo ukutani sokoni: anatakiwa mnyonyeshaji mzoefu, mwenye moyo, asiyeogopa maji. Muuza mchicha ndiye aliyemsomea. Bi. Mize alikuwa amezaa watatu na kuwanyonyesha kumi na mmoja wa watu, wale waliofiwa na mama zao au ambao mama zao walikauka maziwa. Akafunga furushi lake, akaenda. Ofisa wa zamu alimtazama, akalitazama tangazo, akamtazama tena.

"Uzoefu?"

"Kumi na wanne, na wote wazima."

Ofisa alikuwa mtu wa karatasi. Karatasi ilisema mnyonyeshaji, na mbele yake alisimama mnyonyeshaji wa kweli, tena wa kusifika. Akamwandika.

Na kazi aliiweza, tena kuwashinda wanaume waliomtangulia. Manowari ilikuja ubavuni, zikaenda sambamba, mwendo mmoja, uelekeo mmoja, kwa maana ikipotoka hata moja mpira hukatika na bahari ikala mafuta. Kamba zikarushwa, mpira ukavutwa juu ya maji, koki ikafunguliwa. Hapo Bi. Mize aliweka kiganja chake juu ya mpira na kufumba macho. Kipimo cha chuma kilikuwepo, lakini kilidanganya mawimbi yakiwa makubwa, kiganja hakikudanganya. Mtoto akishiba hulegea mwenyewe, alisema, humwachishi wewe, anakuacha yeye. Alipohisi ule ulegevu alifunga koki, na huko ng'ambo hapakuwa na tone lililozidi wala lililopungua.

Kadiri Jumatatu zilivyokwenda, mpaka uliokuwa kati yake na meli ukafutika. Meli ikipigwa na wimbi la ubavu, yeye hushika kiuno. Yeye akikohoa, mabomba ya chini huitikia. Mpishi alikuwa akisema "Bi. Mize anahitaji kupakwa rangi," na hakuna aliyecheka, kwa kuwa kweli kutu ilikuwa imeanza nyuma. Yeye hakuudhika. Alipewa umri wa meli, naye akaipa meli jina lake la utotoni, ambalo sitalisema hapa kwa kuwa hakunipa ruhusa.

Swali alikuwa nalo. Halikumnyima usingizi, lilimjia kama paka wa jirani, likakaa kidogo na kuondoka. Lilikuwa swali la mwenye kutoa. Aliyempa mtu nguvu ya kwenda, amekwenda naye? Wenye mizinga wanajua walichofanya, wana sauti ya mlipuko ya kuwashuhudia. Lakini mwenye kujaza tangi anashuhudiwa na nini? Husimama akaiona manowari ikiondoka, nzito, imeshiba, ikizama kidogo majini kwa uzito wa wema aliotendewa, na mwisho wa yote huwa ni moshi mdogo mahali ambapo macho hayafiki. Wakubwa wa dunia wamejipanga kwa ngazi, kila mmoja akimtazama wa juu yake kujua dhambi ni ya nani, na aliye chini kabisa, anayeshika koki, hana wa kumtazama ila mkono wake mwenyewe. Bi. Mize aliutazama mara nyingi. Ulikuwa mkono mzuri.

*Mafuta yakitoka kwangu hayana vita ndani. Meusi tu. Yananuka jiko. Huko yanakuwa mwendo. Mwendo unakuwa kufika. Kufika kunakuwa mzinga. Ni wapi hapo yalipogeuka? Nimetafuta. Na maziwa je? Mmoja katika wale kumi na wanne alikuwa mwizi. Ziwa langu liliiba? Hapana, lilishibisha. Lakini mwizi mwenye njaa hafiki mbali. Basi lilisaidia. Hapana. Ngoja. Maji ya miguu yamepoa.*

Akaongeza maji ya moto.

Saa nne ya asubuhi ya Jumatatu hiyo mashua ikaja kutoka ofisi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na ndani yake alikuwamo karani mmoja, Mataka kwa jina, kijana wa miaka thelathini mwenye shati jeupe na mkoba. Alikuwa amekuja kuandika Historia ya Utumishi wa meli. Hili lilikuwa jambo kubwa, na sharti nilieleze. Huko kila meli ina karatasi yake. Karatasi ikijazwa na kutiwa sahihi, meli hupelekwa kwenye bandari tulivu pamoja na watu wake, wakapumzika, na majina yao husomwa kila mwaka kwa sauti. Karatasi ikipigwa mstari mwekundu, meli ile haikuwahi kuwepo, na waliokuwamo hawakuwahi kuzaliwa. Hata mama zao huwasahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, jua hilo."

Karani Mataka alikaa, akafungua mkoba, akauliza kwa mpangilio. Ilizamisha meli ngapi? Hakuna. Ilipigwa mara ngapi? Mbili, moja ya ubavu na moja ya bahati mbaya. Ilijaza manowari zipi? Hapo Bi. Mize alifurahi, maana ni mama gani asiyependa kuulizwa majina ya watoto? Akahesabu kwa vidole: Upanga, huyo mlafi, hashibi upesi. Shoka, Mungu amrehemu. Wembe, na Msumeno, na Patasi mdogo wao. Na Kucha.

Kalamu ikasimama.

"Kucha si yetu, bibi," Karani Mataka akasema taratibu. "Kucha ni ya adui."

Nahodha Bwanaheri, mkuu wa meli, mtu mkimya ambaye maneno yake ya mwaka yalitosha kikombe kimoja, aliyekuwa amesimama karibu akifuta darubini, aliendelea kufuta darubini.

Bi. Mize hakuwa mtu wa kuficha. Akaeleza. Bendera za pande zote mbili zilikuwa zimepauka kwa jua na chumvi; ya huku na ya kule zote zimekuwa rangi ya shuka la zamani. Mara ya kwanza Kucha ilikuja na ukungu, ikalia njaa, akaijaza. Mara ya pili hapakuwa na ukungu, ila hakutazama. Mara ya tatu alisikia mabaharia wa kule wakishukuru kwa lafudhi ngeni, akasema labda ni mafua. Mara ya nne alijua.

"Kosa la kwanza ni kosa," Karani Mataka akasema. "La nne lina jina jingine, bibi."

"Naam. Nami nimelitaja: nilijua."

Karani alifunika kalamu. Akasema kwa bahati njema jambo hili lingejimaliza. Upanga ilikuwa njiani kuja kujazwa kwa mara ya mwisho. Ikishiba itakwenda maili mbili tu upande wa jua, ambako Kucha imekwama, mafuta yakiwa karibu kuisha, iimalize. Kucha ikishazama, hapatakuwa na wa kusema ilijazwa na nani. Yeye Mataka ataliacha jina hilo nje, atatia sahihi, na Mto Mwema itakwenda kupumzika. Alilisema kwa huruma ya kweli. Ofisi yake haikuwa imemfundisha huruma. Aliileta kutoka nyumbani.

Na hapo hapo Upanga ikatokea, kubwa, ya kijivu, mizinga yake yote imefunikwa maturubai. Ikaja ubavu wa kulia, ikashika mwendo. Kamba zikarushwa. Bi. Mize akatoa miguu kwenye ndoo, akaifuta, akaenda kwenye koki, akaweka mkono juu yake. Mkono haukuzunguka.

"Nahodha," akasema, "hawa ni ndugu wa kunyonya."

Karani Mataka alikuwa ametoka pwani ileile aliyotoka Bi. Mize, alijua anasikia nini. Kwao watoto wawili walionyonya kwa mama mmoja, hata kama damu zao ni mbali kama mashariki na magharibi, ni kaka na dada, na hawaoani mpaka kiama. Akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta mlango.

"Bibi, sheria hiyo inazuia kuoana. Haikuzuia kuuana."

"Baina ya kuoana na kuuana pana herufi moja, mwanangu, nawe ni karani. Mtu umharamishie ile nyepesi, halafu umhalalishie hii nzito?"

"Tena sharti wawe wamenyonya kabla ya kutimiza miaka miwili."

"Nenda jikoni ukatazame kalenda, kisha uniambie nani hapa ametimiza miwili."

Sauti ikaja juu ya maji kutoka kipaza sauti cha Upanga. Ilikuwa ya Kapteni Mshamu, mkuu wa manowari hiyo, na ilikuwa na haraka. "Mto Mwema! Mbona hamfungui?"

Bi. Mize alichukua kipaza sauti cha Nahodha bila kuomba, akamwambia. Unayekwenda kumzamisha amenyonya hapa. Kisha Kapteni Mshamu akazungumza tena, na haraka ilikuwa imemtoka.

"Mara ngapi?"

Karani Mataka alifikiri ameuliza kama mwanajeshi, kujua ukubwa wa uhaini. Bi. Mize alijua ameuliza kama mtu wa kwao. Wanazuoni wa pwani ile wanasema mara moja haifungi undugu, wala mbili, wala tatu. Ni mara tano, na kila mara hadi mtoto ashibe na kuacha mwenyewe.

"Nakuuliza kwa sababu mimi niliulizwa," Kapteni Mshamu alisema, na ubovu wa kipaza sauti ulimfanya asikike kama analia, au labda alikuwa analia. "Nilikuwa na mchumba. Nguo zimekwisha shonwa, pilau liko motoni. Bibi mmoja akasimama uani akasema, hawa wote wawili nimewanyonyesha mimi. Wazee wakamuuliza, mara ngapi? Akasema tano. Pilau likaliwa, arusi haikuwa. Tangu siku ile namwita dada. Watoto wake wananiita mjomba, kila sikukuu nawapelekea nguo. Nimeitii sheria hiyo pale iliponikata, Bi. Mize. Sasa niambie na mimi. Mara ngapi?"

Zilikuwa nne.

Hapa ndipo msomaji atamlaumu. Angesema tano. Nani angehesabu? Neno moja dogo, na Upanga ingegeuza. Nahodha Bwanaheri alimtazama kwa macho yanayosema, sema. Hata Karani Mataka, Mungu amsamehe, alijikuta akiomba aseme.

*Tano. Neno jepesi. Lakini yule bibi wa uani, kama alisema uwongo? Mtu atembee maisha mazima akimwita mkewe dada kwa sababu ya kidole kimoja kilichozidi. Ndugu wa uwongo hadumu, hugundua siku moja, na siku hiyo hupiga mara mbili. Siwezi. Nimenyonyesha kwa kweli. Siwezi kuhesabu kwa uwongo.*

"Nne," akasema.

Kapteni Mshamu akajibu: "Basi fungua koki, mama. Nne si tano."

"Nitafungua," akasema Bi. Mize. "Ila siku zote nina ubavu mwingine. Nahodha, nipigie honi."

Honi ya kujaza ilikuwa milio mitatu mirefu, na kila manowari ya bahari ile, ya huku na ya kule, iliijua kuliko nyimbo zake za taifa. Karani Mataka alisimama, mkoba ukaanguka. Akasema kwa sauti iliyopanda kwamba akiona kwa macho yake hawezi kutosema. Kwamba ubavu huo ukiguswa na Kucha karatasi itapigwa mstari, na si ya Bi. Mize tu, ya Nahodha, ya mpishi, ya wote. Kwamba bandari tulivu iko karibu, iko nyuma ya mchana huu tu. Bi. Mize alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia mabaharia waliokuwa kwenye kamba, watu ishirini na wawili, akawauliza kama kuna anayetaka sana kusomwa jina. Wakatazamana. Mpishi akasema jina lake mwenyewe ni baya, hajawahi kulipenda.

Nahodha Bwanaheri akaenda kwenye honi. "Meli ni ya serikali," akasema. "Honi nilinunua mimi." Akavuta mara tatu.

Kucha ilikuja kwa tone lake la mwisho, na mengine kwa kusukumwa na mawimbi, maana bahari nayo ilikuwa imechoka na mambo haya. Ilikaa juu sana majini, kama vyombo vyote vitupu, tumbo lake jekundu likionekana. Mizinga ilikuwa wazi. Ikaja ubavu wa kushoto. Sasa Mto Mwema ilikuwa katikati, Upanga kulia, Kucha kushoto, na mizinga ya hizi mbili ikitazamana juu ya kichwa cha mwanamke mmoja mwenye kanga. Mwenye kupiga angepiga mafuta, na mafuta yangewapiga wote.

Alifungua koki mbili pamoja. Kiganja kimoja kwenye mpira wa huku, kimoja kwenye mpira wa kule, mikono imenyooka, macho yamefumbwa. Na kwa kuwa mpira hauvumilii anayepotoka, meli zote tatu zilikwenda mwendo mmoja, uelekeo mmoja, ikawa kila Upanga ilipoyumba Kucha ikajirekebisha, na Kucha ilipolegeza Upanga ikapunguza. Mabaharia wa pande mbili walitazamana kwa darubini, kisha bila darubini. Bi. Mize alihisi raha ikimpanda kutoka nyayo. Alikuwa mzima, alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa ikienda vizuri. Hakuuliza tena mafuta yanageuka wapi. Aliyasikia yakienda pande zote mbili kwa uzito uleule.

Upanga ilishiba kwanza. Kapteni Mshamu angeweza kuachia mpira, kujitenga, kugeuza mizinga wakati nduguye ana mpira kinywani. Hakuachia. Alishika mwendo, akangoja. Mpira wa kushoto ukatetemeka, ukatetemeka, ukalegea wenyewe.

"Ameacha mwenyewe," Bi. Mize akasema. "Tano."

Akafunga koki. Kutoka Kucha sauti ngeni, ya mkuu wake Ngwali, ikauliza kwa wasiwasi kuna nini, mbona kimya. Kapteni Mshamu alichukua muda. Nadhani alikuwa akijifunza kutamka.

"Ndugu yangu," akasema, "kwenu mna sukari? Sisi tunakunywa chai chungu tangu Jumatatu."

Walikuwa nayo. Ikapitishwa kwa kamba, juu ya kichwa cha Bi. Mize, gunia zima.

Karani Mataka aliokota mkoba. Machozi yalikuwa yakimtoka, na wino mwekundu ulikuwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Akapiga mstari kutoka juu hadi chini. Chini yake akaandika, akasoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka: meli hii haikuwahi kuwepo, wala yeyote aliyekuwamo. Akamsogezea Bi. Mize ili akiri.

"Sijui kuandika, mwanangu."

"Dole gumba litatosha, bibi."

Kibweta cha wino wa dole kilikuwa kimekauka. Bi. Mize aligusa tone la mafuta lililobaki kwenye mdomo wa koki, akaliweka dole lake juu ya karatasi, akalikandamiza kwa moyo wote kama mtu anayekubali jambo, akakiri kwamba hakuwahi kuzaliwa. Dole lilitoka kubwa, jeusi, mistari yote ikisomeka. Karani akapuliza likauke. Halikukauka. Akainua karatasi na kuona limepenya kwenye ya chini yake, ambayo ilikuwa historia ya Upanga. Akaifunua hiyo. Limo kwenye ya Wembe. Akafunua haraka, Msumeno, Patasi, Shoka aliyekufa, mpaka karatasi za meli ambazo hazijaundwa bado, tupu, safi, na katikati ya kila moja dole lilelile. Akatoa leso, akaanza kufuta.

"Usisugue, mwanangu," Bi. Mize akamwambia. "Utazidi kuyaeneza."